Jina kwenye sanduku la barua: mihula miwili Leipzig, siku kwa siku

Haya yameandikwa baada ya kurudi Dar es Salaam, kwa kufuata daftari la matumizi, risiti zilizojaa bahasha mbili na picha za simu zenye tarehe. Tulikuwa wanafunzi wawili huko Leipzig, mji wa mashariki mwa Ujerumani: mmoja ana ufadhili, mwingine anajilipia kwa ile akaunti iliyofungwa ambayo Wajerumani huiita Sperrkonto. Bei ni za Oktoba 2024 hadi Julai 2025, na tulipoondoka euro moja ilikuwa inakaribia shilingi 3,000. Masomo yenyewe hayasumbui mgeni kama karatasi zinavyomsumbua, na karatasi zinasumbua kwa sababu kila moja inadai nyingine itangulie. Ndiyo maana siku za mwanzo zimechukua nafasi kubwa humu.

Jumatatu, 30 Septemba 2024. Dar es Salaam – Addis Ababa

Tiketi iliruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kwa kila abiria. Kabla ya kufunga begi, zijue sheria za Umoja wa Ulaya. Nyama na maziwa kutoka nje haviruhusiwi, hata maziwa ya unga na nyama iliyokaushwa. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi ya mtu binafsi, kwa hiyo dagaa wakavu hawana tatizo. Asali mwisho kilo mbili. Matunda mabichi yanadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama nanasi, ndizi, nazi na tende. Embe halimo kwenye orodha hiyo, kwa hiyo ulile nyumbani. Sisi tulibeba sembe kilo tano, mwiko, pilipili manga, iliki, na mbuzi wa kukunia nazi ambaye hakutumika hata siku moja, maana tui la kopo linapatikana kila mahali.

Kwenye begi la mkononi, si lile linalopelekwa chini ya ndege, weka barua ya udahili, uthibitisho wa ufadhili au wa akaunti iliyofungwa, cheti cha bima ya afya na mkataba wa chumba. Kwa anayejilipia, akaunti hiyo ilitakiwa iwe na euro 11,904 kwa mwaka, yaani 992 kila mwezi. Fedha hizo huzigusi mpaka ufike na kufungua akaunti ya kawaida ya benki, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Beba fedha za mwezi mzima wa kwanza mfukoni. Sisi tulibeba euro 1,200 kila mmoja na zikatosha kwa shida.

Jumanne, 1 Oktoba. Frankfurt – Leipzig

Tulitua alfajiri. Afisa wa uhamiaji aliuliza maswali matatu: unasoma nini, utakaa wapi, nani analipa. Mkataba wa chumba ulijibu la pili na barua zikajibu mengine. Dakika nne zilitosha.

Stesheni ya treni za masafa marefu imo humohumo uwanjani. Hadi Leipzig ni kama saa tatu na robo, treni ikipita Fulda, Eisenach na Erfurt. Tiketi ya bei nafuu iliyokatwa mapema inakufunga kwa treni moja tu, ile iliyoandikwa. Ila ukitabiriwa kufika mwisho wa safari ukiwa umechelewa dakika 20 au zaidi, kifungo hicho kinavunjika na unaruhusiwa kupanda treni nyingine bila kuongeza senti. Ukichelewa saa nzima unarudishiwa robo ya nauli ya safari hiyo, na ukichelewa saa mbili unarudishiwa nusu. Fomu hujazwa ndani ya miezi mitatu. Piga picha ubao wa matangazo unaoonyesha ucheleweshaji.

Siku hiyo tulichelewa dakika 95. Hasara haikuwa muda tu. Ufunguo wa bweni hutolewa na msimamizi wa jengo, Hausmeister, kwa miadi na kwa saa zake za kazi. Miadi yetu ilikuwa saa saba mchana, na saa nane yeye hufunga ofisi. Mama mmoja aliyeketi mkabala nasi, aliyepandia Fulda, aliona tunavyohangaika na simu isiyo na laini ya Ujerumani. Alichukua mkataba, akaisoma namba ya msimamizi, akapiga kwa simu yake na kuzungumza naye kama dakika mbili. Kisha akatuandikia kwenye karatasi ya tiketi: *atasubiri hadi saa nane na nusu*. Aliteremka Erfurt kabla hatujauliza jina lake.

Kutoka stesheni kuu tulipanda tramu namba 16 kuelekea Lößnig hadi mtaa wa mabweni, Straße des 18. Oktober. Tiketi moja ni zaidi ya euro 3. Iangalie kama imegongwa muhuri wa saa. Kama haijagongwa, ichomeke kwenye kile kisanduku kidogo kilichomo ndani ya tramu. Tiketi isiyogongwa ni sawa na kutokuwa na tiketi, na faini yake ni euro 60. Mkaguzi huvaa nguo za kawaida.

Kwa watakaokuja: usipange kufika Ijumaa jioni, wikendi wala sikukuu. Tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa, na wanafunzi wengi hutua karibu na siku hiyo wakakuta mlango umefungwa.

Jumatano, 2 Oktoba. Chumba na jina

Chumba cha bweni kina kitanda, godoro, meza, kiti na kabati. Hakina shuka, mto, blanketi, sufuria wala sahani. Kwa vitu hivyo na ndoo ya kufulia tulitumia euro 94 kila mmoja. Kodi ilikuwa euro 290 pamoja na joto, maji, umeme na intaneti, na amana ya chumba euro 350, ambayo hurudishwa unapohama.

Lakini kazi ya kwanza kuliko kununua shuka ni kuandika jina. Mleta barua Ujerumani hafuati namba ya chumba. Anasoma jina kwenye sanduku, na asipoliona anairudisha barua ilikotoka. Ukutani kwenye mlango wa kuingilia jengo kuna safu za visanduku vya bati, kila kimoja na kidirisha cha plastiki cha urefu wa kidole. Kidirisha chetu kilikuwa bado kina jina la mpangaji aliyetangulia. Tulikata kipande cha karatasi, tukaandika majina mawili ya ukoo kwa kalamu ya wino, tukakichomeka. Kufikia wiki ya tatu unyevu ulikuwa umeingia, wino umesambaa na jina moja halisomeki. Barua mbili zilirudi: ya namba ya siri ya kadi ya benki, na ya namba ya mlipakodi. Kupata nyingine kulichukua wiki tatu. Andika kwa kalamu isiyofutika au chapisha, funika kwa selotepu pande zote mbili, na weka jina hilohilo kwenye kengele ya mlangoni.

Jina lenyewe nalo lina mtego wake. Pasipoti zetu zina majina matatu, na fomu za Kijerumani zina nafasi mbili: Vorname, jina lako, na Nachname, jina la ukoo. Jaza kama pasipoti ilivyogawa, usibadilishe mpangilio kutoka fomu moja hadi nyingine. Benki ikiwa na jina moja na ofisi ya usajili lingine, kompyuta zao zinakuona watu wawili.

Jumapili, 6 Oktoba

Jumapili maduka yanafungwa. Mtaa mzima ulikuwa kimya, na kimya hicho kina sheria: usipigilie msumari, usitupe chupa kwenye kontena la vioo, usiwashe mashine yenye makelele. Njaa ikibisha hodi, maduka ya vyakula yaliyomo ndani ya stesheni kuu ya Leipzig hufunguliwa hata siku hiyo.

Jumanne, 8 Oktoba. Usajili wa anwani

Hapa ndipo mlolongo wote unapoanzia. Kila anayehamia Ujerumani lazima ajisajili kwenye ofisi ya mji ndani ya wiki mbili tangu aingie nyumbani. Vinatakiwa pasipoti, fomu, na karatasi moja inayosahauliwa na wengi: Wohnungsgeberbestätigung, tamko la mwenye nyumba kwamba kweli umehamia. Mkataba wa kodi haukubaliki badala yake. Bwenini hutolewa unapopewa ufunguo. Kwenye nyumba ya mtu binafsi unaidai karatasi hiyo mwenyewe kabla hujalipa chochote. Mwenye nyumba anayekataa kuitoa, usichukue chumba chake.

Miadi hukatwa mtandaoni, na mwezi wa Oktoba nafasi huisha haraka. Nafasi zilizoachwa na wengine hurudi kwenye ukurasa asubuhi na mapema, kwa hiyo fungua tovuti kabla ya kunywa chai, siku mbili tatu mfululizo.

Kwenye fomu kuna kisanduku cha dini. Wakatoliki na Walutheri kutoka kwetu hukijaza bila kufikiri, kama wanavyojaza fomu za shule. Ujerumani kisanduku hicho kinahusu kodi: muumini aliyesajiliwa wa makanisa hayo hukatwa kodi ya kanisa, ambayo kwenye jimbo la Saxony, ulimo mji wa Leipzig, ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato. Mwanafunzi mwenye kipato kidogo asiyelipa kodi ya mapato hakatwi kitu, ila atakayeajiriwa baadaye atakatwa. Jaza ukweli, lakini ujaze ukijua.

Tulitoka na karatasi moja yenye muhuri, Meldebestätigung. Tulitoa nakala tano siku hiyohiyo na zote zikatumika.

Alhamisi, 10 Oktoba. Benki na bima

Benki ilitaka pasipoti, karatasi ya usajili wa anwani na cheti cha uanafunzi. Kadi na namba ya siri hazitumwi pamoja. Huja kwa barua mbili tofauti, siku kadhaa baina yake. Hapo ndipo jina kwenye sanduku lilipotugharimu. Akaunti ikishafunguliwa, tuma namba yake kwa wanaoshika ile akaunti iliyofungwa ili wakuachie 992 za mwezi. Kwa mwenzangu fedha za kwanza ziliingia baada ya siku tisa.

Kodi ya bweni na bima hukatwa moja kwa moja kwenye akaunti mwanzoni mwa mwezi, kwa idhini uliyotia saini. Salio lisipotosha, makato yanarudi na unatozwa ada ya usumbufu pande zote mbili. Acha humo euro 500 zisizoguswa kila tarehe ya mwisho ya mwezi.

Bima ya afya ya umma kwa wanafunzi walio chini ya miaka 30 ilikuwa kati ya euro 130 na 150 kwa mwezi, kutegemea mfuko. Mfuko huo hupeleka taarifa yako chuoni kwa kompyuta, na bila taarifa hiyo chuo hakikamilishi usajili. Kadi ya bima inahitaji picha yako, nayo huja kwa posta. Bima ya safari uliyonunulia viza haitoshi kusajiliwa chuoni. Usije ukailipia mwaka mzima.

Jumatatu, 14 Oktoba. Masomo yanaanza

Ratiba inasema saa nne asubuhi na darasa ni tupu. Kwenye ratiba za vyuo vya Ujerumani herufi *c.t.* maana yake kipindi kinaanza robo saa baadaye, na *s.t.* maana yake kinaanza saa ileile iliyoandikwa. Pasipoandikwa kitu, uliza. Mitihani huwa ni *s.t.*

Mtihani nao unataka ujiandikishe, na tarehe ya mwisho hupita wiki nyingi kabla ya mtihani wenyewe. Kuhudhuria kila kipindi hakukuandikishi. Weka tarehe hiyo kwenye simu siku ya kwanza.

Na alama zimegeuzwa. Kwetu GPA ya 5.0 ndiyo kilele. Ujerumani 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya kufaulu kwa mwisho, na 5.0 ni kufeli. Ukituma maombi yenye GPA bila maelezo, msomaji anaweza kuielewa visivyo. Kanuni inayotumika sana kubadilisha ni hii: toa GPA yako kwenye alama ya juu kabisa, gawanya kwa tofauti ya alama ya juu na ya chini ya kufaulu, zidisha kwa 3, jumlisha 1. Mwenye 3.8 kwenye mfumo wa 5.0, wenye 2.0 kama alama ya kufaulu, anapata 1.2 gawanya kwa 3, yaani 0.4, mara 3 ni 1.2, jumlisha 1 ni 2.2. Hiyo ni alama nzuri huko.

Chakula cha mchana ni Mensa am Park, bwalo la wanafunzi katikati ya mji, kwa kadi ya mwanafunzi. Sahani ilikuwa kati ya euro 2 na 4. Zoea kuangalia herufi zinazoonyesha viungo; asiyekula nguruwe atazihitaji kila siku.

Jumatano, 23 Oktoba. Saa za Leipzig

Miadi ya daktari wa meno ilitolewa kwa simu: *viertel drei*. Aliyejifunza Kijerumani cha vitabuni anasikia robo na tatu, anadhani ni saa tisa na robo. Tulifika tumechelewa saa nzima. Msaidizi wa mapokezi hakukasirika. Alichora duara la saa kwenye kikaratasi, akalipaka kalamu robo, kisha nusu, kisha robo tatu.

Huku mashariki mwa Ujerumani watu wanaitaja saa inayojazwa. Saa ya tatu ikijazwa robo ni *viertel drei*, nayo ni saa nane na robo kwa Kiswahili. Ikijazwa nusu ni *halb drei*, saa nane na nusu. Ikijazwa robo tatu ni *drei viertel drei*, saa tisa kasorobo. Msemaji wa Kiswahili amezoea kutaja saa zilizokwisha tangu kulipopambazuka, kwa hiyo akilini anafanya hesabu mbili kwa wakati mmoja: kwanza kurudisha saa moja nyuma, halafu kutoa sita. Usiifanye hesabu hiyo ukiwa na simu sikioni. Omba saa kwa tarakimu, *vierzehn Uhr fünfzehn*, kisha ithibitishe kwa barua pepe.

Siku nne baadaye, Jumapili ya tarehe 27, saa zilirudishwa nyuma saa moja, kama ilivyo kila Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kuanzia hapo Dar iko mbele kwa saa mbili badala ya moja. Waambie nyumbani mapema, maana mzazi aliyezoea simu saa tatu usiku atakesha akiisubiri.

Novemba. Joto na hewa

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za darasani na maktaba tu. Baridi ilipoingia, kilichotufundisha zaidi ni kile kifundo cha plastiki pembeni mwa bomba la joto chini ya dirisha.

Kifundo kina alama ya theluji na namba 1 hadi 5. Mgeni akihisi baridi anakizungusha hadi 5 akidhani chumba kitapata joto haraka. Hakiharakishi. Ndani yake kuna kitu kinachopima joto la hewa, na namba ni kiwango cha kusimamia tu: 3 ni kama nyuzi 20, na kila namba ni nyuzi tatu au nne zaidi. Ukiweka 5, kitaendelea kuchemka hadi chumba kifike nyuzi 28. Ukikifunika kwa pazia au taulo inayokaushwa, kinapima joto lililonaswa pale nyuma, kinajifunga na chumba kinabaki baridi. Alama ya theluji inazuia maji yasigande bombani. Weka hapo ukisafiri.

Kosa la pili ni la dirisha. Anayetoka pwani hataki kufungua dirisha kwenye baridi, au analiinamisha kidogo mchana kutwa. Vyote viwili vinaleta ukungu. Pumzi, kupika na nguo mbichi vinajaza unyevu hewani, unyevu unatua kwenye ukuta wa baridi, na baada ya wiki mbili pembe ya nyuma ya kabati ina madoa meusi. Kuyasafisha utakatwa kwenye amana. Dawa yake: zima joto, fungua dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, funga, washa tena. Mara tatu kwa siku, na mara moja zaidi baada ya kupika. Ukuta hautapoa kwa muda huo mfupi, hewa tu ndiyo inayobadilika. Sogeza kabati sentimita tano kutoka ukutani.

Sembe ya nyumbani iliisha wiki ya pili ya Novemba. Unga wa njano wa mahindi wa madukani ni wa chengachenga, na ugali wake hausongeki ukashikana. Kwenye maduka ya Eisenbahnstraße, mtaa wenye wauzaji wengi wa Kiarabu na Kituruki, kulikuwa na unga mweupe wa mahindi wa Amerika ya Kusini. Mwenye duka, Msiria, alituzuia tusiuchukue: aligonga pakiti, akaeleza kwamba umeshapikwa kiwandani na ni wa mikate, ukiupika tena unakuwa gundi. Alituelekeza duka la vyakula vya Kiafrika mitaa miwili mbele badala ya kutuuzia wake. Huko tulipata sembe. Hapohapo Eisenbahnstraße kuna bamia, giligilani, dengu na nyama ya mbuzi. Jamii ya sukuma wiki inapatikana majira ya baridi kwa jina la Grünkohl. Mchicha tuliufidia kwa spinachi iliyogandishwa, pakiti kama euro moja. Maji ya bomba yananyweka.

Chupa usizitupe. Za plastiki za kutumika mara moja na makopo zina rehani ya senti 25, chupa za bia za kioo senti 8, nyingine zinazorudishwa kiwandani kwa kawaida senti 15. Mashine ya dukani inasoma alama kwenye lebo, kwa hiyo chupa iliyobonyezwa au iliyobanduliwa lebo inakataliwa. Risiti inayotoka mpe mtunza fedha, usiisahau mfukoni.

Tarehe 20 Novemba, Jumatano, tulikuta maduka yamefungwa tena. Ni siku ya toba na sala, na sasa Saxony pekee ndiyo inayoipumzikia. Kalenda ya jimbo lako ibandike ukutani.

Desemba. Giza

Jua lilichomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi jioni. Kwa mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako usiku na mchana hugawana sawa mwaka mzima, mwili unachanganyikiwa kabla akili haijajua. Usingizi unakuja saa kumi na moja jioni, hamu ya kula inapotea. Si uvivu. Kilichosaidia ni kutoka nje kila siku saa sita mchana, hata kukiwa na mawingu, na kuwa na jambo la kufanya na watu jioni. Hali hiyo ikizidi wiki mbili, mwone daktari. Ofisi ya huduma za wanafunzi ina washauri wasiotoza.

Chuo Kikuu cha Leipzig, kilichoanzishwa mwaka 1409, kina taasisi ya masomo ya Afrika inayofundisha Kiswahili. Wanafunzi wake wanatafuta watu wa kuzungumza nao, na mgeni anamtafuta wa kumsahihishia Kijerumani. Saa moja Kiswahili, saa moja Kijerumani, kila Alhamisi. Kwa upande wetu hakuna kozi iliyofundisha zaidi ya hapo.

Nguo: koti moja zito halisaidii kama matabaka matatu. Viatu ndivyo vya kununua vipya, vyenye soli nene yenye meno. Vingine vyote vipo mitumbani.

Januari na Februari 2025. Barua zinazokuja

Barua ya ada ya redio na televisheni huja kwa kila aliyesajili anwani, awe na televisheni au asiwe nayo. Ni euro 18.36 kwa mwezi, na hutozwa kwa nyumba, si kwa mtu. Sisi wanne tulioshirikiana jiko moja tulikuwa nyumba moja: mmoja analipa, wengine wanajibu barua kwa kutaja namba yake ya malipo. Ilikuwa euro 4.59 kwa kila kichwa. Asiyejibu anaandikishwa peke yake, na deni linarudi nyuma hadi tarehe aliyojisajili.

Kibali cha ukaazi kiombe wiki sita hadi nane kabla viza haijaisha. Ada ya kadi ya kwanza ni euro 100, na kuichapisha huchukua wiki kadhaa baada ya alama za vidole. Tulipeleka picha za karatasi za milimita 35 kwa 45. Tangu Mei 2025 picha za kibali zinatakiwa ziwe za kidijitali, zipigwe ofisini kwao au kwa mpiga picha aliyeidhinishwa.

Kazi: mwanafunzi wa nje ya Ulaya anaruhusiwa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka. Wakati wa masomo, saa 20 kwa wiki ndiyo kikomo cha kawaida, la sivyo bima ya kiuanafunzi inaingia mashakani. Mwajiri atadai namba ya mlipakodi, ile ya tarakimu 11 iliyoletwa kwa posta. Usipokuwa nayo anaweza kukukata kodi ya mapato kwa daraja la sita, lililo zito kuliko yote.

Ukiugua usiku au wikendi na si dharura ya kufa na kupona, piga 116117. Dharura ni 112. Dawa za aina ya Panadol (parasetamoli) haziuzwi maduka ya kawaida. Nenda duka la dawa, na Jumapili tafuta la zamu, limeandikwa mlangoni mwa kila duka la dawa.

Muhula wa pili, Aprili hadi Julai, ulienda kwa njia iliyokwisha kufunguliwa.

Julai 2025. Kuhama

Kutoka nako kuna mpangilio. Notisi ya chumba iandikwe mapema kama mkataba unavyosema, wetu ulitaka miezi mitatu. Kujiondoa kwenye usajili wa anwani kunaruhusiwa kuanzia wiki moja kabla ya kuondoka hadi wiki mbili baada yake. Karatasi ya kujiondoa ndiyo inayokubaliwa na bima na ada ya televisheni. Bila hiyo vinaendelea kukata.

Msimamizi alikagua chumba kwa dakika kumi na tano. Aliangalia pembe ya nyuma ya kabati, mpira wa friji, na bomba la kuogea. Maji ya Leipzig yana chokaa, na kichwa cha bomba kilikuwa kimeganda cheupe. Kiloweke kwenye siki usiku mmoja kabla ya ukaguzi. Sisi hatukukiloweka.

Akaunti ya benki tuliiacha wazi na jina tukaliacha kwenye sanduku hadi asubuhi ya kuondoka. Amana iliingia wiki ya saba baada ya kufika nyumbani: euro 332, kumi na nane zimekatwa kwa ajili ya chokaa.